Neno la Kiingereza "salary" na chumvi ya Warumi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwisho wa mwezi ukikaribia, kuna ujumbe mmoja hupita sana kwenye makundi ya WhatsApp: eti askari wa Roma walilipwa kwa vifuko vya chumvi, na ndiyo maana Waingereza huita mshahara "salary". Nimeusikia pia ukumbini, kwenye mafunzo ya watumishi wapya, mwezeshaji akiusimulia na watu wakiandika madaftarini. Nusu ya habari hiyo ni kweli kabisa. Nusu ya pili haina shahidi. Mimi kazi yangu ni kutafsiri, maneno ndiyo yanayonilisha, kwa hiyo huniuma nusu hizo mbili zikifungwa furushi moja. Haya ni maswali ninayoulizwa zaidi.

Je, ni kweli "salary" limetokana na chumvi?

Ndiyo, bila wasiwasi. Kilatini huiita chumvi *sal*. Humo likapatikana *salarius*, yaani "-a chumvi", kisha *salarium*, neno ambalo enzi za makaisari wa Roma lilimaanisha posho au malipo ya kudumu. Kifaransa kikalirithi kama *salaire*. Wanormani walioiteka Uingereza mwaka 1066 walivuka na Kifaransa chao, na kufikia karne ya 14 neno hilo limekwisha kuingia katika maandishi ya Kiingereza. Wareno wanasema *salário*, Wahispania na Waitaliano *salario*. Ukoo ni mmoja.

Jambo moja huwachanganya wengi. Neno la Kiingereza la chumvi yenyewe, *salt*, halikutoka Kilatini. *Salt* na *sal* ni ndugu waliozaliwa na lugha mama ya kale zaidi, ile iliyozaa pia *hals* la Kigiriki na *Salz* la Kijerumani. Kwa hiyo Mwingereza ana mstari mmoja wa chumvi aliourithi kwa babu zake, na mwingine ulioletwa na watawala kutoka ng'ambo.

Na askari wa Roma, walilipwa chumvi?

Hakuna mwandishi hata mmoja wa kale anayesema hivyo.

Malipo ya askari yalikuwa na jina lake, nalo ni *stipendium*, lililoundwa kwa *stips*, sarafu ndogo, na *pendere*, kupima kwa mizani au kulipa. Mwanahistoria Livius anaeleza kwamba yalianza kutolewa mwaka 406 KK, na kwamba kabla ya hapo kila mtu alijigharimia vitani. Julius Caesar aliyaongeza maradufu; hesabu inayokubaliwa na wengi ni dinari 225 kwa mwaka. Kaisari Domitianus akayafikisha 300. Zote hizo ni sarafu. Polybius, Mgiriki aliyeijua Roma ya karne ya 2 KK kutoka ndani, ameandika askari wa miguu alipewa kiasi gani kwa siku, akataja kipimo cha ngano yake, na akasema bei ya ngano hiyo ilikatwa kwenye malipo. Chumvi hakuigusa.

Sentensi pekee inayosogea karibu na hadithi ya WhatsApp ni ya Plinius Mzee, mtumishi wa dola aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka. Katika kitabu cha 31 cha kazi yake kubwa juu ya maumbile, anaimwagia chumvi sifa, kisha anasema imeingia hata katika heshima za vyeo na katika utumishi wa jeshi, na kwamba *salaria* zimepata jina humo. Basi. Hasemi nani alipewa nini, kwa kipimo gani, wala zama zipi. Kutoka sentensi hiyo fupi hadi foleni ya askari waliokinga vifuko ni mwendo mrefu, na waliouenda ni watu wa karne za baadaye.

Kuna ushahidi wowote wa malipo ya askari mmoja mmoja?

Upo, na kila nikiutazama huwa nasahau kazi nyingine. Ni karatasi ya mafunjo kutoka Misri, ya mwaka 81, ambayo leo imehifadhiwa Geneva. Ina hesabu za askari wawili. Mmoja ni Quintus Julius Proculus, mwenyeji wa Damascus.

Awamu ya kwanza ya malipo ya mwaka ule, Proculus aliandikiwa drakma 248. Halafu yakaanza makato. Nyasi kavu, 10. Chakula, 80. Viatu na vitambaa vya kufungia miguu, 12. Mchango wa sikukuu ya Saturnalia kambini, 20. Mavazi, 60. Jumla ya makato ni 182. Zilizobaki, 66, akawekewa akiba. Za nyuma alikuwa na 136, kwa hiyo kibubu chake kikasimama kwenye 202.

Yeyote aliyewahi kuteremsha kidole kwenye karatasi yake ya mshahara, akipita kodi, bima, mfuko wa hifadhi ya jamii na mkopo wa elimu ya juu hadi pale chini palipobaki kidogo, anamjua Proculus kama jirani yake. Chumvi haimo kwenye karatasi ile, si upande wa alichopewa wala wa alichokatwa. Aliyokula ilikuwa ndani ya zile 80 za chakula.

Basi nani alipokea hiyo *salarium*?

Wakubwa. Mwanahistoria Tacitus anatuambia kwamba magavana wa majimbo walizoea kupewa *salarium*, na kwamba Domitianus alimnyima Agricola, baba mkwe wa Tacitus, ile iliyompasa. Uchungu bado unasikika kwenye maandishi yake. Suetonius, mwandishi wa maisha ya makaisari, naye anasimulia kwamba Kaisari Nero aliwapangia maseneta wa koo bora waliofilisika *salaria* za kila mwaka, wengine hadi sesterti 500,000 (sesterti ni sarafu ya Roma).

Gavana na seneta hawapangi foleni ya chumvi. Neno linapoonekana wazi katika vitabu, limekwisha kuwa la fedha, na fedha nyingi.

Hadithi ya vifuko ilitoka wapi?

Wanazuoni wa zamani waliokuwa wakitunga kamusi za Kilatini walikutana na tatizo: neno lina chumvi ndani yake, lakini maana yake ni fedha. Wakaliunganisha kwa kukisia. Kamusi ya Kilatini ya Lewis na Short, iliyotoka mwaka 1879 na kutumiwa na vizazi vya wanafunzi, inasema *salarium* kwa asili ilikuwa fedha waliyopewa askari kwa ajili ya chumvi. Kisio hilo liliandikwa bila neno "huenda".

Tazama hata hivyo walichosema: fedha ya kununulia chumvi. Hawakusema chumvi yenyewe. Wasimuliaji waliofuata waliiondoa ile fedha katikati, kwa sababu bila fedha hadithi inanoga zaidi. Nadhani hapo ndipo penye kosa la kweli. Kukisia si dhambi, mradi msomaji aambiwe kuwa anasoma kisio.

Lakini zamani chumvi si ilikuwa na thamani kama dhahabu?

Roma, hapana. Chumvi ilikuwa ya lazima, na kitu cha lazima si lazima kiwe ghali. Maji ni ya lazima.

Warumi walikuwa na mashamba ya chumvi karibu na mlango wa mto Tiber, upande wa Ostia. Livius anayahusisha na mfalme Ancus Marcius. Aliyepita Gongoni au Marereni, kule Kilifi, hahitaji kuelezwa sana. Maji ya bahari huingizwa kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi, jua huyanywa, maji hubadilika rangi na kuwa mazito, kisha chini hujitokeza ganda jeupe linalokwaruza chini ya koleo. Watu hulikusanya vichuguu vichuguu. Kazi ni ngumu na inachubua miguu, ila bahari haiishi wala jua haliishi.

Kutoka huko chumvi ilipandishwa bara. Barabara ya Via Salaria, "njia ya chumvi", ilitoka Roma kuelekea nchi ya Wasabini na kuendelea hadi pwani ya Adriatiki, na Plinius anasema jina lilitokana na chumvi iliyobebwa kupelekwa kwa Wasabini. Barabara hiyo ingali inaitwa hivyo mpaka leo.

Tuje kwenye bei. Livius anaandika kwamba mwaka 204 KK chumvi iliuzwa Roma kwa *sextans*, sehemu moja ya sita ya sarafu ya shaba. Mwaka huo ikawekewa kodi mpya, na watu wakaamini ni njama ya ofisa mmoja, Marcus Livius (si yule mwanahistoria), wakambandika jina la Salinator, "bwana chumvi", likabaki la ukoo wake. Cato, mwenye mashamba na mtu aliyehesabu kila punje, anaandika kwamba *modius* moja ya chumvi, kama lita 8 na nusu hivi, yamtosha mtumwa mwaka mzima. Na Kaisari Diocletianus alipotangaza bei za ukomo mwaka 301, kipimo cha chumvi na kipimo kilekile cha ngano viliwekewa bei moja: dinari 100.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Kitu chenye bei ya ngano, mtu mmoja akitosheka na debe lisilojaa kwa mwaka. Askari angelipwa kwa hicho, angehitaji punda wa kubebea mshahara, na kambi nzima ingekuwa inatafuta mnunuzi.

Basi neno la chumvi limekuwaje la fedha?

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapoweza kumsaidia hata profesa wa Kilatini, kwa sababu jambo lenyewe limetokea kwetu, kwenye neno *posho*.

Karne ya 19 mpagazi wa misafara ya bara alipewa posho, yaani riziki ya safari. Mara ilikuwa nafaka yenyewe, mara kipande cha kitambaa au ushanga wa kwenda kununulia chakula kijijini. Mashamba na migodi ya enzi ya ukoloni ikaendelea na posho ya unga wa mahindi, kila mfanyakazi kwa kipimo chake. Kuanzia hapo neno likagawanyika njia. Uganda, posho ni ugali wenyewe, ule uliopo sahanini. Kenya wanasema posho mili, mashine ya kusaga unga. Tanzania ukitaja posho mbele ya mtumishi wa umma, hafikirii unga hata kidogo. Anafikiria posho ya kikao, posho ya safari, posho ya kujikimu, na kama ya mwezi uliopita imeingia. Bunge limewahi kujadili posho za wabunge kwa sauti ya juu, na hakuna aliyedhani wanagombea sembe.

Hivyo ndivyo neno linavyohama: kutoka chakula, kwenda fedha badala ya chakula, kwenda fedha tu. Hatua ya katikati ni fupi na watu hawaioni ikipita. Mimi *salarium* naliona kwa jicho hilo: jina lililoanzia kwenye riziki, chumvi ikiwa sehemu ya riziki hiyo, likabaki limeng'ang'ania malipo muda mrefu baada ya chumvi kusahauliwa. Hilo ni kisio langu, na nalitaja kuwa kisio. Nguvu yake ni kwamba halihitaji vifuko. Mtafiti wa miaka elfu ijayo akikuta "posho ya mbunge" kwenye kumbukumbu zetu, akahitimisha kwamba wabunge walilipwa unga, atakuwa amefanya kosa lilelile.

Neno letu "mshahara" nalo lilitoka wapi?

Kwenye mwezi. Kiarabu kina *shahr*, mwezi, ile tunayoisikia katika "Shahru Ramadhan", na kina *mushahara*, mapatano au malipo ya mwezi kwa mwezi. Kiswahili kikalichukua, kikalivika kiambishi chake, likaingia ngeli ya mti: mshahara, mishahara. Ndiyo maana sikio la mzee wa pwani husita akisikia "mshahara wa siku". Malipo ya siku ni *ujira*, nalo ni la Kiarabu pia.

Mfanyakazi wa kutwa tunamwita *kibarua*, na ndani ya neno hilo kuna barua ndogo: kikaratasi alichopewa kuthibitisha siku aliyofanya kazi, akikirudisha analipwa. Kikaratasi kimekufa, mtu amebaki na jina lake. Kwangu hili ni zuri kupita *salarium*, maana mtu mzima aliitwa kwa jina la karatasi iliyokuwa mfukoni mwake.

Je, kuna neno la Kiswahili la fedha lenye chumvi ndani yake?

Swali hili niliulizwa na kijana mmoja, nikajibu "hakuna", nikakosea. Lipo, tena la kila siku: *hela*.

Wajerumani walipotawala Tanganyika, rupia moja ilikuwa awali na pesa 64. Mwaka 1904 wakabadilisha hesabu, rupia ikawa na *Heller* 100, na wenyeji wakaiita hela. Sarafu ya Heller ilipewa jina la mji wa Hall kusini mwa Ujerumani, unaoitwa leo Schwäbisch Hall, ilikofuliwa tangu karne za kati. Na mji wa Hall ulikua na kutajirika kwa chemchemi yake ya maji ya chumvi, iliyochemshwa na kukaushwa vizazi kwa vizazi.

Hela haimaanishi chumvi, wala sarafu ile haikuwa na punje ya chumvi. Ila ukisema "sina hela" Kariakoo, umetaja mji wa wachemsha chumvi bila kujua.

Wengine husema hata "soldier" linatokana na chumvi.

Hapana. Linatokana na *solidus*, sarafu ya dhahabu iliyoanzishwa na Kaisari Konstantino mwanzoni mwa karne ya 4. *Solidus* maana yake ni kitu kizima, imara. *Sal* haihusiki.

Ni maneno gani mengine ya ukoo huu ninayoyatumia?

Yapo mezani kwako. Saladi ni "iliyotiwa chumvi", sosi ni hivyohivyo, na soseji ni nyama iliyokolezwa chumvi ili isiharibike. Yote matatu yalitokana na *salsus* au ndugu zake, yakapita Ufaransa na Uingereza ndipo yakatufikia. Kachumbari haimo, hiyo ilitoka Bara Hindi. Na hiyo meza yenyewe ni Kilatini, *mensa*, iliyokuja kwa mdomo wa Wareno, ingawa haina uhusiano na chumvi.

Kuna mahali ambapo chumvi ilikuwa fedha kweli?

Kuna, na ni jirani kuliko Roma. Ethiopia ilitumia *amole*, vipande vya chumvi vilivyochongwa kama tofali jembamba kutoka uwanda wa Afar, vikisafirishwa kwa ngamia na nyumbu hadi nyanda za juu. Kadiri vilivyokwenda mbali na machimbo ndivyo thamani ilivyopanda. Vilifanya kazi ya sarafu hadi karne ya 20. Kwetu, chumvi ya Uvinza, karibu na Kigoma, ilikuwa bidhaa kubwa ya biashara ya karne ya 19 ikivushwa hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Aliye na hamu ya kusimulia chumvi na malipo, aanzie huko. Huko mashahidi wapo.

Vipi ule msemo wa Kiingereza wa mtu "kustahili chumvi yake"?

Ni wa karne ya 19. Warumi hawakuujua. Wao wakisema mtu ana *sal* walimaanisha ana ucheshi wenye akili. Bara Hindi wana *namak halal*, mtu mwaminifu kwa aliyemlisha chumvi. Sisi husema mzee amekula chumvi nyingi, maana ameishi miaka mingi, na msimuliaji anayeongeza yasiyokuwepo tunasema anatia chumvi. Kila watu wameiona chumvi kwa macho yao, na kuutafsiri msemo wa mmoja neno kwa neno ni kuupoteza.

Majirani zetu wanauitaje mshahara?

Rwanda na Burundi husema *umushahara*. Waganda wana *omusaala*, herufi zikiwa zimelainishwa njiani. Kongo, mshahara unakaa ubavuni mwa *salaire* la Kifaransa, kutegemea uko sokoni au ofisini. Neno la mwezi lililoshuka pwani kutoka Uarabuni limepanda hadi Maziwa Makuu, mbali kuliko walivyofika wengi waliolibeba.

Nairobi, vijana wamelikata "salary" katikati wakabaki na *salo*. Tarehe 28 utawasikia kwenye matatu wakiulizana kama salo imeingia.